Asilimia 70 ya Nini?

Ilikuwa saa kumi na dakika arubaini jioni, siku moja kabla ya kikao cha kamati, mwendesha bodaboda alipopanda ngazi za ofisi yetu akiwa amekumbatia katoni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na nakala 11 za ripoti ya robo ya tatu kutoka hazina ya kaunti, kila nakala ikiwa na kurasa 214 zilizoshikanishwa kwa waya wa plastiki. Mwendesha bodaboda hakujua alichokibeba, wala hakuhitaji kujua. Alichotaka ni muhuri kwenye kitabu cha kupokelea barua, kwa kuwa bila muhuri huo hangelipwa. "Madam, nigongee tu hapa, jua linaniishia." Nikamgongea. Akateremka ngazi mbili mbili, nami nikabaki nikiitazama katoni na kuhesabu saa zilizosalia kabla ya wajumbe wa kamati kuketi saa tatu asubuhi, wakichukuliwa kuwa wamesoma.

Kwa macho ya sheria, karibu kila kitu kilikuwa kimetimia pale muhuri ulipogusa karatasi. Kifungu cha 183 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka kamati kuu ya kaunti ilipatie bunge la kaunti ripoti kamili, tena za mara kwa mara, kuhusu mambo ya kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imekwenda mbali zaidi na kuweka siku: afisa anayewajibikia fedha za idara awe ameifikisha ripoti yake kwa hazina ya kaunti katika siku 15 baada ya robo ya mwaka kumalizika, na hazina iziunganishe ripoti zote na kuziwasilisha bungeni kabla mwezi mmoja haujapita, huku nakala zikipelekwa kwa Mdhibiti wa Bajeti, kwa Hazina ya Kitaifa na kwa Tume ya Ugavi wa Mapato, kisha zitangazwe kwa umma. Robo ya tatu huisha Machi 31. Ripoti ile ilipaswa kuwa mezani petu kufikia Aprili 30, nayo ilifika Mei 19. Hakuna aliyeuliza kuhusu siku hizo 19, na kwa kweli hata mimi sikuuliza, maana ya robo iliyotangulia ilikuwa imechelewa zaidi.

Nilikuwa karani wa kamati kwa miaka minane katika bunge la kaunti moja ya magharibi ambayo sitaitaja, kwa sababu ninaowasema humu bado wananisalimia sokoni. Kabla ya hapo nilikaa Kisumu miaka minne katika ofisi ya kanda ya shirika moja la serikali, na sehemu kubwa ya kazi yangu huko ilikuwa kuandika majibu ya maswali yaliyoulizwa na wabunge. Nimeketi, basi, pande zote mbili za meza ile ndefu yenye maikrofoni, na jambo ninalotaka kulieleza hapa nisingeliona kama ningekaa upande mmoja pekee.

Nianze na upande wa wanaoulizwa.

Barua ya kamati ya bunge haiji moja kwa moja kwa mtu anayejua jibu. Huandikwa na karani wa bunge, ikatumwa kwa mkuu wa shirika Nairobi, naye akaiandikia pembeni maneno mawili na kuishusha kwa mkurugenzi, mkurugenzi kwa meneja, meneja kwa ofisi ya kanda, na kila mmoja akiweka saini na tarehe. Ilipokuwa ikitufikia sisi Kisumu, katika jengo ambalo dirisha lake liliitazama ghuba iliyojaa gugumaji, siku 14 zilizotolewa na kamati zilikuwa zimebaki tatu, na juu ya barua palikuwa na maneno "kwa hatua yako ya haraka" kwa miandiko minne tofauti.

Jibu nalo lilipanda kwa ngazi zile zile, na hapo ndipo nilipojifunza kazi. Nakumbuka swali moja kuhusu kisima kilichokuwa kimekoma kutoa maji. Nilikwenda nikakiona, nikazungumza na mlinzi wake na mama mmoja aliyekuwa na duka karibu nacho, nikarudi na kuandika hivi: "Pampu iliharibika mwezi wa Januari. Hatujanunua nyingine kwa sababu fedha zilizotengwa kwa ajili ya vipuri zilitumiwa kutengeneza gari." Sentensi mbili. Msimamizi wangu alifuta "kutengeneza gari" na kuandika "mahitaji mengine ya dharura". Meneja akaufuta mwezi wa Januari, akisema ukitaja mwezi wataanza kuhesabu. Nairobi wakafuta pampu. Siku mkuu wa shirika alipoketi mbele ya kamati, alisoma kwa sauti nzito na tulivu: "Changamoto za kiutendaji zilijitokeza na hatua mwafaka zinaendelea kuchukuliwa." Hakukuwa na uongo hata mmoja katika sentensi hiyo. Hakukuwa na kisima pia.

Zamani nilidhani hiyo ni hila, na mara nyingine ni hila kweli. Lakini wengi wa waliofuta maneno yangu walikuwa watu waadilifu waliokuwa wamejifunza kitu kwa miaka mingi: katika mawasiliano na bunge, sentensi iliyo wazi ndiyo inayorudi na barua ya kukuita. Kifungu cha 125 cha Katiba kinalipa Bunge uwezo wa kumwita mtu yeyote mithili ya Mahakama Kuu, kumwapisha na kumlazimisha atoe hati. Kifungu cha 195 kinayapa mabunge ya kaunti uwezo huo huo. Sheria ya 2017 kuhusu mamlaka na kinga za Bunge inairuhusu kamati kumtoza faini ya hadi shilingi 500,000 anayeitwa akakosa kufika bila sababu. Hizo ni nguvu kubwa. Afisa anayezifikiria nguvu hizo akiwa peke yake usiku, kalamu mkononi, huona kwamba neno "gari" linaweza kumsumbua hadi atakapostaafu, ilhali neno "changamoto" halijawahi kumpeleka mtu popote.

Karani mzee aliyenifunza kazi, mtu wa Vihiga aliyezipenda kumbukumbu rasmi za Bunge kama wengine wanavyopenda gazeti, alikuwa na kisa cha kulieleza jambo hili. Alinikumbusha kwamba Juni 1975, kamati teule iliyoongozwa na Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma, iliwasilisha ripoti yake kuhusu mauaji ya mbunge J.M. Kariuki, na kwamba waziri Masinde Muliro na waziri msaidizi Peter Kibisu walipiga kura pamoja na waliotaka ripoti hiyo ikubaliwe. Walifutwa kazi, na John Keen pamoja nao. "Sasa ukimwona afisa anaogopa kitenzi chenye mtendaji," mzee akaniambia, "usimcheke. Amerithi."

Nilipohamia upande wa pili wa meza nilidhani nimeupata ukweli hatimaye. Nilikuta asilimia.

Bajeti za kaunti zetu hupangwa kwa programu na programu ndogo, na ripoti za robo hufuata mpango huo huo. Kwa mtu wa hazina ni mpangilio wenye mantiki yake. Kwa mwakilishi wa wadi ni msitu. Kakamega ina wadi 60, Bungoma 45, Kisumu na Busia 35 kila moja, Vihiga 25; na kila mheshimiwa anapoifungua ripoti huanza kuitafuta wadi yake jinsi mzazi anavyotafuta jina la mwanawe katika orodha ya walioitwa kujiunga na shule, kidole kikishuka ukurasa baada ya ukurasa. Wadi haimo. Kilichomo ni "huduma za kinga na uimarishaji wa afya", na kandokando yake fedha zilizotengwa, fedha zilizotumika, na asilimia.

Asubuhi ile baada ya katoni, afisa mkuu wa idara alisoma kwamba ujenzi wa jengo la akina mama kujifungulia katika zahanati fulani ulikuwa umefikia asilimia 70. Mheshimiwa mmoja, fundi wa uashi kabla ya kuingia katika siasa, aliinua mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba afisa atueleze. Hiyo asilimia 70 ni paa, ama ni msingi?"

Watu walicheka, na afisa akacheka nao. Lakini mheshimiwa hakucheka, na swali lake lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoyasikia katika miaka minane. Baada ya kunong'onezana na mhasibu wake, afisa alikiri kwamba asilimia hiyo ilikuwa ya fedha. Mkandarasi alikuwa amelipwa asilimia 70 ya thamani ya mkataba. Kuhusu jengo lenyewe, lilikuwa limefika kwenye linta, yaani usawa wa juu ya milango na madirisha.

Kupima kazi kwa kiasi cha fedha kilichotoka ni ugonjwa ulioenea hata katika ofisi zenye wataalamu, na una jina lake la heshima kwa Kiingereza, "absorption". Afisa mmoja aliyejitahidi kulieleza kwa Kiswahili alisema idara yake ilikuwa na "kiwango kizuri cha ufyonzaji wa bajeti". Mzee mmoja katika kamati aliyekuwa akisinzia alifumbua macho na kuuliza ni nani aliyefyonza. Nimelikumbuka swali hilo kila mara ninapokutana na jedwali la aina hiyo, kwa sababu neno la Kiswahili lilikuwa limefichua kile ambacho la Kiingereza lilikuwa limekipaka manukato.

Na hapa niseme jambo dogo kuhusu lugha kabla sijaendelea. Kifungu cha 120 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na katika kamati niliyoihudumia mjadala wote mkali ulifanyika kwa Kiswahili. Ripoti zilizojadiliwa zilikuja kwa Kiingereza, zote, kwa miaka minane. Wajumbe wengi walikisoma Kiingereza vizuri tu. Sisemi kwamba hawakuelewa. Nasema kwamba maswali yaliyoulizwa kwa Kiswahili yaliyalazimisha maneno ya ripoti kuvuka mto, na mengi hayakufika ng'ambo.

Baada ya kikao kile cha asilimia 70 nilifanya jambo ambalo sikuwa nimeagizwa kulifanya. Jumamosi moja nilizitandaza sakafuni ripoti za robo sita mfululizo, nikavua viatu, nikapiga magoti na kulifuatilia jengo lile moja kutoka ripoti hadi ripoti. Katika ya kwanza lilikuwa chini ya miradi mipya, likiwa na jina la zahanati na kiasi cha mkataba. Katika ya pili lilikuwa asilimia 40. Katika ya tatu, ile ya katoni, asilimia 70. Katika ya nne, mwaka wa kifedha ukakaribia mwisho na bajeti ya ziada ikapita, lilikuwa bado asilimia 70. Katika ya tano lilikuwa asilimia 25, na sasa lilikuwa chini ya miradi inayoendelea. Katika ya sita halikuwepo.

Nilikaa pale sakafuni kwa muda, nikiamini nimenasa wizi. Jumatatu nilimwendea mhasibu wa idara, kijana mpole aliyenikaribisha chai na kunieleza kila kitu bila kutoa jasho. Mwaka mpya wa kifedha ulipoanza Julai, mradi ulitengewa fedha mpya za kuumalizia, na asilimia ikaanza kuhesabiwa upya juu ya fedha hizo mpya. Kwa hiyo 25 ile ilikuwa asilimia 25 ya kilichobaki. Kisha idara ikabadilisha muundo wa majedwali kwa agizo kutoka juu, na miradi yote iliyo chini ya kiasi fulani ikajumlishwa katika mstari mmoja ulioitwa "ukarabati na ukamilishaji wa vituo vya afya". Jengo letu lilikuwa ndani ya mstari huo pamoja na mengine 18. Hakuna senti iliyokuwa imeibwa, angalau si kwa njia hiyo, na hakuna aliyeandika kitu kisicho cha kweli. Jengo lilikuwa limepotea katika uandishi.

Hapo ndipo nilipopata neno la kile kilichonisumbua tangu Kisumu. Ripoti zetu hazina kumbukumbu. Kila moja huzaliwa upya siku ya tarehe ya mwisho, haina mama wala kaka, haijui iliyotangulia ilisema nini. Sijawahi kuona ripoti ya robo iliyoanza kwa kusema: mara iliyopita tuliwaambia hivi, na hiki ndicho kilichotokea. Maafisa huhamishwa. Walioandika ya kwanza hawapo wakati wa ya tatu. Mwaka wa kifedha hukata kila kitu kwa panga Juni 30, ingawa visima na kuta havijui Juni. Na bunge, ambalo ndilo pekee lililoketi katika kikao kile na hiki, hupokea kila ripoti kana kwamba ni mgeni aliyebisha hodi kwa mara ya kwanza.

Ukitaka kuona jinsi sheria inavyoweza kulikumbuka jambo inapotaka, tazama kanuni ndogo zinazotungwa na mawaziri. Chini ya Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, waziri anayetunga kanuni sharti ahakikishe nakala imemfikia karani wa Bunge ili iwasilishwe mezani katika siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, na isipowasilishwa hukoma kuwa na nguvu mara tu siku hizo zinapopita. Inakufa yenyewe, bila kelele. Kwa hiyo kanuni hufika. Nimewaona maafisa wakikimbia kwenye korido na kanuni mkononi kama watu waliobeba mgonjwa. Ripoti ya robo ikichelewa siku 19, au siku 90, hakuna kinachokufa, na bodaboda huletwa siku ambayo pamepatikana mafuta.

Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ziko mahali fulani kati ya hayo mawili. Kwa mwaka wa kifedha uliomalizika Juni 30, 2024, kwa mfano, taasisi ilipaswa kukabidhi hesabu zake kufikia Septemba 30. Mkaguzi Mkuu awe amekagua na kuripoti kufikia mwisho wa Desemba, kwani kifungu cha 229 cha Katiba kinampa miezi sita. Kisha Bunge au bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili ripoti hiyo na kuchukua hatua. Ni ratiba nzuri, iliyofikiriwa na watu wenye akili. Lakini kwa kuwa hesabu za kaunti hupitia pia mikononi mwa Seneti, afisa yule yule hujibu swali lile lile mara mbili, mara ya kwanza nyumbani na mara ya pili baada ya kusafiri usiku kucha zaidi ya kilomita 300, faili zikiwa kwenye buti ya basi, na majibu ya safari ya pili hayafanani kila mara na ya kwanza. Niliwahi kumuuliza mmoja wao kwa nini. Alinijibu, bila aibu yoyote, kwamba hakuna aliyempa nakala ya alichokisema mara ya kwanza. Nilikuwa nayo mimi, kabatini.

Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015 inaongeza kipande ambacho wengi hukisahau: baada ya Bunge kutoa mapendekezo, afisa anayewajibikia fedha ana miezi mitatu ya kuyatekeleza au kueleza kwa nini hakuyatekeleza. Bunge la Taifa lina hata Kamati ya Utekelezaji, ambayo kazi yake ni kufuatilia kama yaliyoamuliwa na kuahidiwa yamefanyika. Sisi katika kaunti yetu tulikuwa na kamati ya jina hilo pia. Ilikosa karani wakati mwingi.

Mimi nilianzisha daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, la kurasa 200, jalada lake likiwa na jedwali la kuzidisha upande wa nyuma. Nililigawa safu nne kwa rula: tarehe, aliyesema, alichokiahidi, siku aliyoitaja. Kila afisa aliposema "tutaleta baada ya wiki mbili, Mheshimiwa Mwenyekiti", niliandika wiki mbili zile ni tarehe gani. Mwanzoni ilikuwa kazi ya siri. Kisha mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu aliyejua nguvu ya rejista, akaliona na kuniomba nilisome kwa sauti kabla ya kila kikao kuanza. Kikao cha kwanza nilisoma ahadi 23. Mbili zilikuwa zimetimizwa.

Mabadiliko yalikuja upesi, ila hayakuwa yale niliyoyatarajia. Maafisa waliacha kutaja siku. "Baada ya wiki mbili" ikawa "hivi karibuni", na "hivi karibuni" ikawa "pindi fedha zitakapopatikana". Katika miezi sita, safu ya nne ya daftari langu ilikuwa karibu tupu, na nilijikuta nikifanya mzaha na mwenyekiti kwamba tumefaulu kuwafunza watu kutoahidi. Yeye hakuona mzaha. Alisema darasani pia, ukimchapa anayekosea jibu, mwishowe hakuna anayeinua mkono.

Yupo afisa mkuu mmoja ambaye sijamsahau. Alikuwa mgeni katika idara, ametoka kaunti nyingine, na nadhani hakuwa ameonywa. Alikuja na karatasi mbili badala ya kitabu, zote kwa Kiswahili, na akaanza hivi: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mwezi wa Machi idara hii iliwaambia kwamba dawa zingefika vituoni kufikia Juni. Hatukutimiza. Sababu ni kwamba tuliagiza kabla ya kulipa deni la mwaka uliopita, na muuzaji akakataa kutoa mzigo. Nimekuja na orodha ya vituo vilivyokosa dawa, wadi kwa wadi." Nilikoma kuandika. Nilidhani wajumbe wangesimama na kumpigia makofi.

Walimrarua. Kwa saa mbili na nusu walimuuliza ni nani aliyeagiza kabla ya kulipa, kwa nini hajafutwa kazi, kwa nini wadi hii ilikosa dawa na ile jirani ikapata, kama anajua watu wanakufa, kama alisomea kazi hii. Kila mheshimiwa aliyeiona wadi yake kwenye orodha, aliyoipata mara moja bila kushusha kidole popote, alitaka kusikika akiitetea, na kwenye viti vya nyuma palikuwa na waandishi wawili wa redio. Afisa aliyefuata, wa idara nyingine, alikuja na kurasa 160 na changamoto za kiutendaji. Alimaliza katika dakika 20, akashukuriwa kwa ripoti ya kina.

Mengi huandikwa kuhusu ukaidi wa watendaji mbele ya mabunge, na sehemu kubwa yake ni kweli. Nimeyaona kwa macho yangu. Lakini sijasoma mtu akiwaandikia wawakilishi kwamba wao ndio walimu wa ukungu huo, kwamba kila anapotuzwa aliyeficha na kuadhibiwa aliyefichua, wengine 50 waliokaa nje wakisubiri zamu yao hupata somo bila ada. Mwenyekiti wetu alijaribu kuwaeleza wenzake jambo hilo katika kikao cha faragha. Walimsikiliza kwa heshima. Uchaguzi ulikuwa umebaki miezi minane.

Robo iliyofuata, ripoti ya afisa yule ilikuja mapema, kabla ya tarehe. Niliifungua nikiwa bado nimesimama, nikatafuta dawa. Ukurasa wa 37: "Idara ilikabiliwa na changamoto za ugavi, na hatua mwafaka zinaendelea kuchukuliwa." Ilikuwa na kurasa 148. Niligonga muhuri, nikaandika saa.

Niliacha kazi hiyo mwaka ambao mkataba wangu ulimalizika, na daftari nikamwachia kijana aliyenifuata, pamoja na rula. Desemba iliyopita nilikuwa nikienda kumzika shangazi, na matatu yetu ilisimama kuteremsha abiria mbele ya zahanati ile. Nilichungulia dirishani. Jengo lipo. Lina paa jekundu, madirisha yenye mapazia ya kijani, na kwenye kamba kati ya nguzo mbili zilianikwa shuka na nepi. Mwanamke aliyevaa leso mbili alikuwa ameketi kwenye kizingiti akimnyonyesha mtoto. Nilimuuliza dereva lilifunguliwa lini, akasema halikuzinduliwa na mtu, lilianza tu kutumika, labda miaka miwili sasa.

Nilirudi nyumbani baada ya maziko nikazitafuta ripoti za robo zilizowekwa kwenye tovuti ya kaunti, kuanzia pale nilipoachia. Nilizipata tisa. Nilizisoma zote usiku mmoja, na mstari wa "ukarabati na ukamilishaji wa vituo vya afya" umo katika kila moja, ukiwa na fedha zake na asilimia zake. Kwamba jengo lile limekamilika, hakuna hata moja iliyosema.